Namba 50 Iko Wapi?

SEKELA: Mugonile, wasikilizaji wetu, karibuni tena. Leo tumekuja sebuleni kwa kaka Lugano, hapa Uyole. Mbele yangu kuna sanduku la bati limejaa vijitabu mpaka kifuniko hakifungi. Kaka, hivi vyote ni hadithi moja?

LUGANO: Hadithi moja, dada. Ni ya kubuni, ya safari za anga za juu. Inaitwa Perry Rhodan, jina la shujaa wake. Ilianza kutoka Ujerumani Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru wetu, na hadi leo kinatoka kijitabu kipya kila wiki. Februari 2019 walifika namba 3000. Mimi hapa ninavyo 212.

SEKELA: Kila wiki! Anayeandika analala saa ngapi?

LUGANO: Ndiyo maana si mmoja. Walioianzisha ni wawili: K. H. Scheer, na Walter Ernsting aliyekuwa akitumia jina la Clark Darlton. Wakaongezeka wengine, na wengine wakafa, na hadithi haijasimama. Hilo ndilo lililonikamata.

SEKELA: Lakini wengi wakishika kalamu moja si watachanganya mambo? Shuleni tulikuwa na daftari la hadithi tukipokezana kuandika. Mtu tuliyemzika Jumatatu, Jumatano yuko sokoni ananunua viazi.

LUGANO: Wao wana ramani. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kuandika muhtasari wa kila namba: nani anasafiri, anakutana na nani, siri ipi ifichuke na ipi isubiri. Mwandishi anapewa kurasa chache hizo, kisha anajenga nyumba mwenyewe. Mwanzoni ramani ilikuwa mikononi mwa Scheer. Baadaye akaishika William Voltz, mpaka alipofariki 1984.

SEKELA: Kwa hiyo ramani moja, mafundi wengi.

LUGANO: Na fundi unamjua kwa tofali lake! Nikifunika jina la mwandishi kwa kidole, kurasa tatu zinanitosha. Scheer anapenda mizinga na meli za vita, anakueleza kila mtambo. Kurt Mahr alisomea fizikia, na unaiona namna anavyopanga jambo hatua kwa hatua. Darlton ana huruma. Yeye ndiye aliyemleta Gucky, kiumbe mdogo mwenye manyoya na jino moja, mpenda karoti, anayeweza kutoweka hapa na kutokea kule. Gucky akiandikwa na wengine namfurahia. Akiandikwa na Darlton, nampenda.

SEKELA: Na wewe Kijerumani ulikitoa wapi?

LUGANO: Nilikuwa naongoza wageni wanaopanda Mlima Rungwe. Nikajifunza kidogo kidogo ili nielewane nao. Siku moja Mwanjelwa, kwa muuza vitabu vya mtumba, nikakuta vijitabu kumi na vinne vimefungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa anaviuza kwa kilo, vya kufungia karanga.

SEKELA: Kufungia karanga!

LUGANO: Nililipa bila kuomba apunguze. Shika hiki.

SEKELA: Ni chepesi. Karatasi imegeuka rangi ya chai, na katikati pini mbili zimeota kutu, zimeacha alama ya kahawia hadi ukurasa wa pili. Picha ya jalada lakini… meli ya duara kama mpira, na anga nyekundu.

LUGANO: Huyo ni Johnny Bruck. Alichora majalada haya tangu namba ya kwanza hadi alipofariki 1995. Kutu ni unyevu wetu. Bahasha moja ililetwa kwangu kutoka Njombe ikiwa juu ya basi, mvua ya Machi, ikafika kama uji. Vitatu havikufunguka tena. Sasa pini zenye kutu nazitoa polepole kwa ukucha, nashona kwa uzi mweupe kwenye matundu yaleyale. Nalaza vijitabu, sivisimamishi, maana vinapinda mgongo. Na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, usitupe. Nipe mimi.

SEKELA: Anayetaka kuanza aangalie nini?

LUGANO: Bei iliyochapwa. Hadithi za zamani zimechapwa upya mara kadhaa, namba ileile na jalada lilelile. Ukiona bei ya yuro kwenye namba ya miaka ya sitini, hiyo ni nakala ya marudio. Ni nzuri kwa kusoma, ila usilipe bei ya nakala ya kwanza. Pili, kuna tafsiri za Kiingereza za kampuni ya vitabu ya Ace, Marekani, zilizoanza 1969. Kitabu chao cha kwanza kimebeba namba mbili za Kijerumani, kwa hiyo hesabu zao hazilingani na hizi. Nilinunua moja nikidhani nimeziba pengo, kumbe nilikuwa nayo tayari.

SEKELA: Pengo lipi linakuuma zaidi?

LUGANO: Hamsini. Dada, nina 49 na nina 51. Katika 50 ndipo anapoingia Atlan, mtu asiyekufa aliyekaa duniani miaka elfu kumi akijificha miongoni mwetu. Nimemsoma katika namba nyingi sana baadaye, mpaka namjua kama shemeji yangu. Ila siku aliyobisha hodi sijaiona.

SEKELA: Si usome kwenye simu?

LUGANO: Nimeiona inauzwa. Nimejizuia. Nataka niisome ikiwa mkononi, ikinuka hivi.

SEKELA: Alhamisi naenda Iringa. Kuna mzee ana stoo ya magazeti ya zamani nyuma ya nyumba yake. Nitazame nini?

LUGANO: Namba 50, jina la Scheer juu, bei kwa pfennig, zile senti za zamani za Ujerumani. Usiikunje. Na kama ipo, nipigie hapohapo, hata kama ni usiku.