Usawa wa Bahari Isiyokuwapo: Kufundisha Jiografia ya Mirihi Chuoni

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanachuo mliokuja na mvua hii yote, asanteni. Nimeombwa nieleze kwa nini, katika chuo kinachoandaa walimu wa jiografia, natumia wiki sita za muhula kufundisha Mirihi, sayari ambayo sidhani kama mwanafunzi wangu yeyote ataikanyaga. Mkuu wangu wa idara aliwahi kuniuliza jambo hilohilo kwa ufupi zaidi: "Mwalimu, Rufiji wameshaimaliza?"

Nikiri kwanza kwamba mwaka wa kwanza nilivurunda. Niliingia darasani na orodha ya majina ya milima, nyanda na mabonde ya huko: Olympus Mons, Tharsis, Hellas, Valles Marineris. Wakayakariri kama walivyokariri mito ya Afrika, wakayatema kwenye mtihani, yakaishia hapo. Kilichoniokoa ni swali la binti mmoja aliyekuwa akikaa dirishani. "Mwalimu, umesema mlima Olympus Mons una urefu wa kilomita karibu 22. Kutoka usawa wa bahari ipi?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu. Nikasema tutalitazama kipindi kijacho, na nyote humu mnajua mwalimu akisema hivyo amekwama.

Nikaenda kusoma. Mirihi haina bahari, kwa hiyo haina sifuri iliyo wazi ya kuanzia kupima kimo cha mlima wala kina cha bonde. Miaka ya 1970, baada ya chombo cha Mariner 9 kuizunguka sayari hiyo na kutuma picha, wataalamu waliamua kutumia hewa badala ya maji: sifuri iwe pale ambapo mgandamizo wa hewa ni milibari 6.1. Namba hiyo haikuokotwa njiani. Ni mgandamizo ambao barafu, maji na mvuke vinaweza kukaa pamoja. Mgandamizo ukishuka chini ya hapo, barafu ikipashwa joto hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji. Hapa kwetu pwani hewa inatulalia kwa milibari kama 1,013, nasi hatuisikii.

Lakini hata hewa yenyewe haikutulia. Kila mwaka wa Mirihi, karibu robo ya hewa yake, ambayo sehemu kubwa sana ni kabonidayoksaidi, huganda na kulala kwenye ncha iliyo katika majira ya baridi, kisha jua likirudi inapanda tena angani. Vyombo viwili vya Viking vilivyotua mwaka 1976 viliurekodi mgandamizo ukishuka na kupanda kwa majira. Hebu fikirini usawa wa bahari unaohama kiasi hicho! Mwishowe chombo cha Mars Global Surveyor, kikiwa juu kinazunguka, kilipiga leza chini na kupima muda wa mwanga kwenda na kurudi, zaidi ya mara milioni 600. Sifuri ikahamishiwa kwenye nguvu ya uvutano: uso wa kufikirika ambao, kama bahari ingekuwapo, maji yangetulia juu yake, na ambao pale ikweta uko wastani wa kilomita 3,396 kutoka kitovu cha sayari.

Ndiyo maana vitabu vya zamani vinaupa Olympus Mons kilomita 25, vingine 27, na vya sasa karibu 22. Mlima haukuporomoka. Vipimo viliboreka na sifuri ikahama.

Niliporudi darasani na maelezo hayo nikawauliza: na Kilimanjaro je? Wakajibu kwa pamoja, kama kwaya: mita 5,895. Kweli, ndivyo ubao wa kileleni unavyosema. Lakini wapimaji waliopanda na vipokezi vya setelaiti mwaka 1999 walishuka na mita takriban 5,892. Sasa nani kakosea? Kutoka Kilimanjaro hadi baharini ni karibu kilomita 300. Chini ya mlima ule hakuna bahari. Kuna wapimaji walioivuta bahari kwa hesabu mpaka ikapita chini ya Moshi, na hesabu tofauti huivuta tofauti kidogo. Mtoto wa Kidato cha Pili anaandika "juu ya usawa wa bahari" na sisi tunampa vema. Mimi nilimpa vema miaka kumi na miwili. Ilinibidi niende kwenye sayari kavu ndipo nijiulize ninachofundisha.

Longitudo sitaikalia sana, kwa kuwa ni hadithi ileile. Ile sifuri yetu ya Greenwich iliwekwa na watu. Ya Mirihi ilianza na Wajerumani wawili, Beer na Mädler, waliochagua doa dogo jeusi waliloliona kwa darubini miaka ya 1830. Picha za Mariner 9 zilipopatikana, alama hiyo ikasogezwa kwenye kreta, yaani shimo lililochimbwa na kimondo, yenye upana wa nusu kilomita tu, Airy-0, iliyopewa jina la George Airy, mwanafalaki wa Greenwich. Wanafunzi hufurahi wakisikia kwamba Greenwich imetufuata mpaka huko.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halina hata projekta, na umeme ukikatika hatuathiriki. Nawaambia: mchoreni Olympus Mons. Wote, bila kukosa, wanachora pembetatu iliyochongoka kama Mawenzi. Kisha natoa vipimo. Upana wa kitako ni kilomita kama 600, unazidi safari ya barabara kutoka Nairobi hadi Mombasa. Sentimita moja iwe kilomita 10, juu na chini vilevile. Matokeo yake ni mchoro wenye upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita mbili na kidogo. Chapati! Hapo ndipo tunapozungumzia lava nyepesi inayotiririka mbali kabla ya kuganda, na volkano ya Nyamuragira kule Congo, yenye umbo la jamii hiyohiyo. Mbona basi Nyamuragira ina mita 3,000 na ushee tu? Duniani mabamba ya ardhi yanatembea, kwa hiyo sehemu yenye joto chini huchoma tundu hapa, kesho kule. Visiwa vya Hawaii vimejipanga mstari kwa sababu hiyo. Mirihi haina mabamba yanayotembea hivyo. Lava imerundikana mahali pamoja kwa muda mrefu mno, na uvutano wake, ambao ni kama asilimia 38 ya wetu, unauruhusu mlima kukua bila kuzama kwa uzito wake.

Majina nayo yana ladha. Kreta ndogo hupewa majina ya miji na vijiji vya duniani vyenye watu chini ya 100,000, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayekipigia debe kijiji cha bibi yake. Mabonde makubwa huitwa kwa jina la sayari yenyewe katika lugha mbalimbali: Kasei kwa Kijapani, Mangala kwa Kisanskriti, Al-Qahira kwa Kiarabu. Naam, Al-Qahira, kama mji wa Cairo. Valles Marineris, ambalo halimo katika mtindo huo kwa kuwa lina jina la chombo kile cha Mariner 9, lina urefu wa kilomita 4,000 hivi, na Dar es Salaam hadi hiyo Cairo kwa mstari ulionyooka haiko mbali na hapo.

Mwisho wa wiki sita nawapa kazi moja: chagueni pa kutua. Parashuti inataka hewa nzito, kwa hiyo pawe chini. Paneli za jua zinataka pasiwe mbali na ikweta. Mawe makubwa yasiwepo. Kundi moja lilikimbilia Hellas, bonde kubwa la kusini, ambako chini kabisa ni zaidi ya kilomita 7 chini ya sifuri. Wenzao wakawakumbusha majira ya baridi ya kusini na vumbi. Chombo cha Opportunity, kilichotua mwaka 2004, kilinyamazishwa na tufani la vumbi mwaka 2018.

Kundi lingine lilichagua kreta ya Jezero, kilipotua chombo cha Perseverance mwezi Februari 2021, kwa sababu mto wa kale uliacha delta pale. Wakabandika ramani ya delta ya Rufiji ukutani ili waoneshe tope laini hutua wapi. Kijana mmoja akasimama kupinga. "Rufiji haifai. Kuna mikoko, na bahari inapwa na kujaa. Jezero lilikuwa ziwa. Tutafuteni mto unaoingia ziwani." Wakabishana, wakaishia kwenye Omo unavyoingia Ziwa Turkana.

Mkuu wa idara alipopita dirishani alikuta ukuta mzima una Rufiji na Omo. Akauliza kipindi hiki ni cha nini.

Nipo tayari kwa maswali. La bahari, safari hii nimejiandaa.