Kulipa Serikalini kwa Kontroo Namba: Soma Kioo Kabla ya Namba ya Siri

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni. Leo nimeshika kitochi, hiki hapa. Nimekichagua makusudi, maana karibu kila ninachowaonyesha kinafanyika kwenye simu ya batani, bila bando. Hapa Tanzania tunalipa serikalini kwa kontroo namba, yaani namba maalumu ya kulipia bili yako, iwe faini ya barabarani, bili ya maji, pango la ardhi au cheti cha kuzaliwa.

Kwanza niwaambie kwa nini nimeng'ang'ania somo hili. Mama yangu mdogo alikuwa anafuatilia cheti cha mjukuu wake. Nje ya geti la ofisi akakutana na kijana nadhifu, kitambulisho shingoni. "Mama, foleni ndefu hiyo, nipe elfu ishirini nikusaidie." Akatoa. Hakupewa karatasi wala namba yoyote, na kijana hakuonekana tena. Kilichomponza mama ni kutojua kwamba siku hizi ada ya serikali hailipwi mkononi mwa mtu. Vishoka wanaishi kwa hilo tu, kwamba hatujui.

Haya, twende. Hatua ya kwanza, pata namba.

Kontroo namba inatoka kwa taasisi inayokudai, baada ya kukutengenezea bili. Ukiomba huduma mtandaoni, mfumo unakupa wenyewe. Ukienda dirishani, mwambie mhudumu, "Naomba kontroo namba." Ina tarakimu 12, na nyingi zinaanza na 99. Namba ya simu ina tarakimu 10 na inaanza na sifuri. Lipa namba ya dukani ni fupi zaidi. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii ndiyo kontroo namba", hesabu kwanza.

Mfano wangu leo ni faini ya barabarani, na ni yangu kweli. Hapa tu ndipo naazima simu janja. Nafungua tms.tpf.go.tz, naandika namba ya gari. Mnaona? Kosa, mahali, tarehe, shilingi 30,000, na pembeni nyongeza kwa aliyechelewa. Tazameni na mwisho wa anwani, go.tz. Hapo ndipo tovuti za serikali yetu zinapoishia. Ukurasa ukijiita wa serikali halafu mwisho wake ni mwingine, toka. Na wewe unayenunua gari lililotumika, ingiza namba yake hapa kabla hujatoa hela, ili deni likiwepo mlimalize na muuzaji mkiwa bado mnaongea vizuri.

Hatua ya pili, rudi kwenye kitochi. Wa Vodacom piga *150*00#, wa Yas *150*01#, wa Airtel *150*60#, wa Halotel *150*88#. Tafuta kulipa bili, kisha malipo ya serikali. Sisemi bonyeza nne, bonyeza tano, kwa sababu menyu hizi hubadilika, fuata maneno. Ikiulizwa namba, ingiza zile 12 bila kuacha nafasi. Mimi huzisoma tatu tatu kwa sauti, mara nne. Mama mdogo naye nimemzoesha hivyo.

Sasa simama. Usiguse namba ya siri.

Hatua hii ya tatu ndiyo nimewaitia. Ukishaingiza kontroo namba, kompyuta ya mtandao wako inauliza Mfumo wa Serikali wa Malipo ya Kielektroniki, ule unaoitwa GePG, ulio chini ya Wizara ya Fedha: namba hii ni ya bili gani, ya taasisi gani, kiasi gani? Jibu linarudi kwenye kioo chako. Mitandao haifanani. Kwenye programu za benki utaona mengi, jina la mdaiwa, taasisi na kiasi. Kwenye kitochi unaweza kuona machache. Machache hayo yasome yote. Umeenda kulipia maji halafu kioo kinakuletea taasisi nyingine? Ghairi. Kinakuletea jina la mtu binafsi kama mpokeaji wa hela? Hapo unamtumia mtu, ni ileile "tuma kwa namba hii" imebadilishwa nguo. Ghairi, rudi dirishani, uliza. Hakuna faini ya kughairi.

Kiasi nacho kiangalie. Bili nyingi zinataka shilingi zilezile zilizoandikwa, ukipunguza mia inakataa. Zipo zinazokubali kulipa kidogo kidogo, taasisi itakwambia. Weka na ya makato juu yake. Na kama namba imeisha muda wake, omba nyingine, deni lako linabaki palepale.

Kila kitu kimekaa sawa? Ndiyo uweke namba ya siri. Uiweke mwenyewe, kwa kidole chako. Kama hela iko mkononi, nenda kwa wakala wa benki, mpe kontroo namba na fedha, halafu usiondoke bila risiti. Linganisha tarakimu 12 za kwenye risiti na zako ukiwa bado umesimama pale.

Hatua ya nne ni kusubiri ujumbe. Wenye umri wangu mtakumbuka ilivyokuwa kabla ya mfumo huu kuanza mwaka 2017. Unapewa namba ya akaunti, unapanga foleni benki, unarudi na karatasi ya benki kwa mhasibu ili akuandikie stakabadhi, na mhasibu katoka. Siku nzima imeisha. Sasa hela inaingia kwenye akaunti ya taasisi, na GePG inaiarifu taasisi kwamba bili fulani imelipwa. Kwa kawaida ni dakika chache. Ikichelewa, tafadhali usilipe mara ya pili. Nenda na ujumbe wako, waonyeshe ile kontroo namba na namba ya muamala, watafute kwenye mfumo wao.

Mama mdogo alirudi ofisini ile wiki, safari hii akapita moja kwa moja hadi dirishani. Alipewa namba kwenye kikaratasi, akakaa kwenye benchi chini ya mwembe, akaisoma tatu tatu, akalipa mwenyewe. Kile kikaratasi anacho mpaka leo, kiko ndani ya Biblia yake.

Na hii ya kwangu, sikieni mlio, imeingia. Elfu thelathini, tarakimu zilezile 12. Ujumbe huu siufuti.