Siku saba za begi la mama mdogo

Habari za jioni ndugu zangu, karibuni tena. Leo siko London, nipo nyumbani Kiwalani, Dar, juu ya paa la mama. Mkiona nimenyamaza ghafla, mjue ndege inapita kwenda kutua. Tulipokuwa wadogo tulizitambua kwa rangi ya mkia kabla hazijafika uwanjani.

Juzi kwenye daladala ya Gongo la Mboto mama mmoja alisikia kwamba mimi ni wakili wa kesi za ndege. Akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, ndege ikianguka ndiyo unapata kazi?" Nilimwambia hapana, shikamoo tena mama, lakini alishuka Ukonga kabla sijamaliza, basi nimalizie hapa.

Ajali zipo. Hakuna kati yetu aliyesahau Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, tulipopoteza watu 19 ziwani. Ila kesi nyingi ninazoshika hazina hata mtu aliyechubuka. Kampuni imekodi ndege kwa miaka mingi, sasa inairudisha, na mwenye ndege anasema injini imechakaa kupita makubaliano. Nakesha na makabrasha ya matengenezo nikitafuta saini ya fundi mmoja. Au ni bima. Ndege za kukodi zilikwama Urusi baada ya vita vya Ukraine kuanza 2022, wenye ndege na kampuni za bima wakavutana Mahakama Kuu ya London hadi Juni 2025, jaji alipowapa ushindi wenye ndege.

Vijana wa sheria mnaouliza njia ya kuingia kazi hii: Uingereza mawakili wako mafungu mawili. Solisita humpokea mteja na kuandaa jalada. Barista ndiye husimama mbele ya jaji, na huandika maoni ya kisheria wakati shauri bado bichi. Ili uwe barista lazima ujiunge na mojawapo ya nyumba nne za kale za mabarista, yaani Lincoln's Inn, Inner Temple, Middle Temple au Gray's Inn. Kisha mwaka mzima chini ya mzoefu: miezi sita unatazama tu, sita ya pili unaruhusiwa kusimama mwenyewe. Nafasi hizo ni chache na zinagombewa kweli kweli. Aliyekwisha kuapishwa kuwa wakili Tanzania anaweza kuomba apunguziwe baadhi ya hatua.

Sasa sheria yenyewe. Safari nyingi za kimataifa zinaongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, na Tanzania imo. Mkataba huo unamlipa abiria aliyeumia mwili. Mwili! Sisi tukisema "nimeumia" hatutenganishi goti na moyo. Mwaka 2002 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya binti wa miaka 16 aliyeguswa vibaya na abiria wa jirani ndani ya ndege, akapata sonona. Wakati huo ulitumika mkataba wa zamani, wa Warsaw, lakini neno ni lile lile. Hakulipwa, kwa sababu ugonjwa wa akili peke yake haukuhesabiwa kuwa jeraha la mwili. Nilipoisoma mara ya kwanza sikulala. Mwaka 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilifungua mlango kwa aliyeumia akili, ila Uingereza ilikuwa imeshatoka kwenye Umoja, hivyo uamuzi huo hauwafungi majaji wake.

Na kama neno linaweza kukunyima, tarehe nayo inaweza. Hapa nawaomba msikilize.

Mama mdogo alikuja kunitembelea, akarudi na kichwa cha cherehani ndani ya begi. Begi likatoka kwenye mkanda limepasuka, chuma kimevunjika. Akasema nitalalamika kesho. Kesho yake ukaja msiba Mkuranga. Aliporudi na kwenda ofisi ya shirika, ilikuwa siku ya tisa. Wakamkatalia, na kisheria walikuwa sahihi: mzigo ulioharibika unalalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee. Uliochelewa, siku 21 tangu ukabidhiwe. Kufungua kesi mahakamani, miaka 2, basi. Mimi ninayeyajua haya kwa moyo nilikuwa sijamwambia, na linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo ukitua Terminal 3 ya uwanja wa Dar na begi limeharibika, usitoke ukumbini. Piga picha, nenda dawati la mizigo, wakujazie ripoti, ubaki na nakala pamoja na kile kikaratasi cha begi. Halafu usiku huo huo tuma barua pepe kwa shirika: namba ya safari, tarehe, kilichoharibika, thamani yake. Ripoti ya dawatini peke yake usiitegemee. Kikomo cha fidia ya mizigo tangu mwisho wa 2024 ni vipimo 1,519 vya SDR, ile hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), takriban dola 2,000 kwa abiria. Cherehani ingelipika.

Mama mdogo anasafiri tena Desemba. Barua yake nimeshaiandika, imebaki kujaza tarehe tu, nimemwekea kwenye pochi ya pasipoti.