Kabla ya Kuwasha Gari: Ukialikwa kwa Wanavajo

(Mhadhara kwa jamii ya wazungumzaji wa Kiswahili, Phoenix, Arizona)

Shikamooni wazee wangu. Wengine habari za jioni. Karibuni, viti vya mbele bado vipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya maandalizi ya kwenda kwenye shughuli za Wanavajo, wenyeji wa asili wa nchi hii ya Marekani, huko vijijini kwao, maana baadhi yenu mmealikwa na wenzenu wa kazini, na wengine mnataka watoto wakaone. Tangu tangazo litoke, watu wananiuliza mambo mawili tu: ni wapi, na ni saa ngapi. Nitajibu yote mawili. Ila lipo swali linalotangulia: shughuli hiyo ni ya nani? Jibu lake ndilo litakalokuambia uvae nini, ubebe nini, simu uiweke wapi, na kama inafaa kwenda au ubaki nyumbani.

Zipo shughuli za watu wote. Window Rock, makao makuu yao, kuna maonyesho makubwa kila Septemba. Shiprock, New Mexico, wana ya kwao mwanzoni mwa Oktoba. Mnakata tiketi, mnaona farasi, mnakula, mnarudi. Tena kuna mikusanyiko midogo ya chapta. Chapta ni serikali zao za mitaa, zipo 110, kila moja na ukumbi wake, na hapo mgeni mwenye adabu hafukuzwi. Halafu zipo shughuli za familia: mtoto amecheka kwa mara ya kwanza, binti amevunja ungo, mgonjwa anaimbiwa ili apone. Huko haendi mtu kwa sababu ameona mabango barabarani. Unakwenda kwa kuwa mwenye shughuli amekuita kwa kinywa chake, na hata ukiitwa, unauliza: shughuli ikiwa ya siku kadhaa, nije siku ipi, na nikae wapi?

Msidhani mpaka kati ya aina hizi uko wazi kila mara. Maonyesho ya Shiprock yana bembea na vibanda vya vyakula kama maonyesho mengine, lakini wakati uleule huimbwa pale Yé'ii Bicheii, ibada ya tiba ya usiku tisa, ambayo haifanywi mpaka baridi iwe imeingia. Umbali kutoka kwenye bembea ni wa kutembea tu kwa miguu. Upande huu unapiga picha, upande ule simu inazimwa: hakuna picha, hakuna kurekodi sauti, hakuna kuchora, hata kuandika kwenye daftari hakuna. Droni msibebe kabisa.

Haya, saa. Hili limeshawakosesha watu shughuli. Arizona haibadilishi saa, lakini Taifa la Navajo, yaani eneo lao lenye serikali yake, hubadilisha, kwa kuwa ardhi yao imeingia pia New Mexico na Utah. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, saa nne asubuhi ya hapa Phoenix ni saa tano kule. Na katikati ya ardhi ya Wanavajo wapo Wahopi, kabila jingine la wenyeji wa asili, nao hawabadilishi. Ukipita barabara ya 264 kutoka Tuba City kwenda Window Rock, unatoka kwenye saa za Wanavajo, unaingia za Wahopi, unarudi tena za Wanavajo, na simu yako inafuata mnara wowote iliouona. Mwulizeni mwenyeji: hiyo saa tano ni ya kwenu au ya Phoenix?

Wapi, sasa. Nchi yao ni kama kilomita za mraba 70,000. Ndugu zangu wa Burundi na Rwanda, unganisheni nchi zenu mbili, bado hazifiki. Kutoka hapa hadi Window Rock ni mwendo wa saa tano hivi, na ukifika unakuta uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Juni hapa tunaungua kwa digrii 40 na zaidi, kule usiku utatafuta sweta. Chukueni makoti, hasa ya wazee.

Nyumba nyingi hazina anwani ya mtaa. Utaelekezwa kwa tangi la maji, kinu cha upepo, au namba ya maili kando ya barabara. Andika maelekezo kwenye karatasi, kwa sababu mtandao utakatika. Barabara nyingi ni za vumbi, na kuanzia Julai mvua ikinyesha vumbi hilo linakuwa tope la mfinyanzi linaloshika gari mpaka ekseli. Mkikuta hivyo, subirini likauke. Jazeni mafuta kila mnapokuta kituo, hata tangi likiwa nusu. Usiku endesheni polepole, maana ng'ombe na farasi hulala barabarani penye joto la lami. Na pombe isiwemo kwenye gari, hata ile iliyosahaulika kwenye buti. Sheria ya Taifa la Navajo inaikataza.

Sasa nije kwenye kondoo, na hapa mniruhusu nikae kidogo.

Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga Wanavajo kwa miguu mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo, New Mexico, baada ya kuchoma mashamba yao na kuua mifugo yao. Zaidi ya watu 8,000 walizuiliwa huko. Walirudi kwao kwa mkataba wa tarehe 1 Juni 1868, na ndani ya mkataba huo serikali iliahidi kuwanunulia kondoo na mbuzi 15,000. Kutokana na hao walijenga tena maisha. Kisha miaka ya 1930 serikali ileile, ofisi ya mambo ya Wahindi Wekundu ikiwa chini ya John Collier, ikasema mifugo imezidi, udongo unamomonyoka, ipunguzwe kwa nguvu. Wanyama wengine walipigwa risasi na kuachwa waoze palepale. Wengi wa mbuzi hao walikuwa mali ya wanawake, maana kwa Wanavajo ukoo unafuata mama, na mifugo ya mama ni ya mama.

Wakenya mliomo humu mnaijua habari hii kwa jina jingine. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa hoja hiyohiyo ya mmomonyoko. Watu wakatembea kutoka Machakos hadi Nairobi kumtaka gavana awasikilize, na kiongozi wao Muindi Mbingu akapelekwa uhamishoni Lamu. Haikuwa sadfa tu: maofisa wa Afrika Mashariki wa wakati ule walisoma sana habari za udongo wa Marekani. Kwa hiyo mkienda kwenye tamasha la kondoo, kama lile la Juni ambalo kwa miaka mingi limefanyika Tsaile, kwenye chuo cha Diné (ndivyo Wanavajo wanavyojiita), na mkaona mabibi wakichambua sufu ya Churro, aina yao ya kondoo, huku wakisimulia, jueni hapo si maonyesho ya ufundi peke yake. Mkitaka kununua zulia, nunueni kwa aliyelifuma, au kwenye mnada wa mazulia wa Crownpoint, New Mexico. Zulia moja linachukua wiki au miezi, kwa hiyo msilipatane bei kama mko Kariakoo.

Nini cha kubeba, kama ni shughuli ya familia? Mfuko mkubwa wa unga wa ngano wa Blue Bird. Huo ndio unaopendwa, na hutawaudhi. Viazi, kahawa, sukari, matikiti, kuni ikiwa gari lina nafasi. Maji yenu wenyewe, mengi, kwa sababu karibu theluthi moja ya nyumba hazina maji ya bomba, na mgeni anayemaliza pipa la mwenyeji hajafanya jema. Mtapikiwa supu ya kondoo na ule mkate wa kukaanga, ambao ni kama andazi lisilo na sukari. Ulizaliwa katika unga na mafuta ya mgao wa serikali wakati wa dhiki ile ya Bosque Redondo niliyoitaja. Kuleni. Na kina mama, ingieni jikoni mkaulize kazi ipo wapi. Hapo ndipo mtakapofahamiana na watu kuliko mahali pengine popote.

Mkifika kwenye nyumba msikimbilie mlango kupiga hodi. Kaeni kwenye gari mpaka mtu atoke awaone. Mlango wa hooghan, nyumba yao ya asili, unatazama mashariki. Ukiingia, zunguka kushoto, kwa kufuata jua. Kupeana mkono ni kugusana kwa upole, kwa hiyo ile ya kubana na kutikisa iacheni Phoenix. Mtu akikaa kimya baada ya swali lako, subiri, anafikiri. Atajitambulisha kwa koo nne, akianza na ya mama. Nawe mweleze wako walikotoka, upande wa mama na wa baba. Habari za marehemu msiulize. Hadithi za mbweha wao, koyote, ni za majira ya baridi tu, kwa hiyo watoto wasimsumbue babu wa watu awasimulie mwezi Juni.

Kama mmealikwa kwa mtoto aliyecheka, hiyo ni bahati. Yule aliyemchekesha mara ya kwanza ndiye anayebeba karamu, kwa hiyo mwenye vichekesho ajihadhari. Mtoto hushikwa mkono akawagawia wageni chumvi ya mawe pamoja na chakula, ili akue mkarimu. Pangeni mstari, pokeeni, onjeni chumvi ile palepale.

Naona mkono. Kuna dada ameuliza kama mgeni anaweza kucheza. Kwenye ngoma za watu wote, ndiyo, mkikaribishwa. Kwenye zile za kiangazi, za ibada ya tiba iitwayo Ndáá', angalieni mwenyeji anawaambia nini. Desturi yao ya ngoma ni kwamba mwanamke ndiye anayechagua mwanamume, na mwanamume akitaka kuachiwa akapumzike, analipa. Kwa hiyo kina baba, pitieni benki Ijumaa mbadilishiwe noti ndogo ndogo, kwa sababu mkiwa na za ishirini tu, chenji hamtarudishiwa.