Kidonge Kimoja, Hataza Tatu

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi wa famasia, asanteni kwa kunikaribisha. Mmeniuliza kama maarifa yatolewe bure. Nitajibu kwa kidonge.

Mwaka 2000, tiba ya dawa tatu za kupunguza makali ya VVU iligharimu kati ya dola 10,000 na 15,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Sisi tuliokuwa watu wazima wakati ule tunakumbuka: matanga hayajaondolewa nyumba hii, turubai linafungwa nyumba ya pili. Na dawa ilikwishapatikana! Ulaya na Marekani watu walikuwa wakiinuka vitandani. Huku tuliisoma gazetini.

Zitazameni dawa zenyewe: stavudini, lamivudini, nevirapini. Ya kwanza ilikuwa mikononi mwa Bristol-Myers Squibb, ya pili Glaxo, ya tatu Boehringer Ingelheim. Mgonjwa alizihitaji zote, lakini hakuna kampuni kati ya hizo iliyoweza kuzichanganya bila ruhusa ya wenzake, kwa sababu kila dawa ilikuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiitengeneze wala kuiuza. Lakini sheria ya hataza ya India ya 1970 ililinda njia ya kutengeneza dawa, si dawa yenyewe; aliyepata njia nyingine aliweza kuitengeneza. Februari 2001 Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla, Mumbai, akatangaza kuliuzia shirika la misaada ya tiba la Madaktari Wasio na Mipaka dawa hizo tatu kwa dola 350 kwa mwaka, haifiki dola moja kwa siku. Mwaka huohuo zikawa kidonge kimoja, asubuhi na jioni.

Tumezoea kulalamika kwamba hataza hupandisha bei. Mimi linaloniuma zaidi ni jingine: ilizuia hata wazo. Kidonge kile hakikunakiliwa kwa mtu. Kilizaliwa pale ambapo maarifa ya watu watatu yaliruhusiwa kukaa chungu kimoja.

Mtaniambia utafiti unakula fedha na mtafiti ana watoto wa kulisha. Ni haki yake, alipwe. Lakini mjue kuwa nguvu ya stavudini dhidi ya VVU iligunduliwa Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka 2001 wanafunzi wa pale walipodai bei ishuke Afrika Kusini, William Prusoff, mmoja wa wagunduzi wenyewe, aliwaunga mkono hadharani. Naye ndiye aliyekuwa akilipwa mrabaha, fungu la mgunduzi katika mauzo ya dawa hiyo!

Tuje kwetu. Tangu 2005 India nayo hutoa hataza kwa dawa yenyewe. Tanzania, ikiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni kabisa, imeruhusiwa na Shirika la Biashara Duniani kutolinda hataza za dawa hadi 1 Januari 2033. Kenya haimo katika kundi hilo. Kwa Tanzania mlango uko wazi, lakini nani ataingia?

Hataza ni waraka wa wazi, yeyote anaweza kuusoma. Kabla muhula haujaisha, chukueni ya dawa moja mkaifuate hatua kwa hatua. Mimi nimejaribu. Unakwenda vizuri, halafu unafika mahali njia inapotea: joto limetajwa kwa makadirio mapana, muda vivyo hivyo, na ile mbinu ya kusafisha mabaki amebaki nayo fundi kiwandani. Nami nataka hiyo mbinu ya fundi ifundishwe humu, katika maabara hii, na aliyeijua tumwite na tumlipe aje aifundishe.

Sasa naomba maswali.