Nyumba Inayoogopa Joto Lake Yenyewe

Najua mnaguna. Mwalimu huyu kila mwaka ni udongo, udongo; leo ametuletea na barafu, hapa Kisumu, jua hili! Ngojeni.

Kuna mji wa Yakutsk, Siberia, ambako ardhi haiyeyuki mwaka mzima, ila ule udongo wa juujuu tu wakati wa kiangazi. Mfanyabiashara mmoja, Fyodor Shergin, alianza kuchimba kisima pale mwaka 1828. Kufikia 1837 shimo lilikuwa na kina cha mita 116, maji hakuna, na ardhi bado imeganda.

Basi mtaniambia: si ni ngumu kama mwamba? Jenga tu! Ni ngumu, ndiyo, mpaka uwashe jiko. Joto linashuka sakafuni, barafu iliyo ndani ya udongo inayeyuka, chini panakuwa uji, nyumba inalala upande. Baridi haina kosa, jamani. Mkosaji ni mwenye nyumba anayeota moto. Ndiyo maana mafundi wa kule hutoboa ardhi, husimamisha nguzo za zege, humimina tope pembeni na kuliacha ligande liikamate nguzo. Nyumba hukaa juu, na chini yake pameachwa wazi upepo wa baridi upite. Sisi pale tungeshaweka kuku.

Sasa twende Ahero, hapa jirani na Kisumu. Nyumba yangu ya kwanza niliijenga kwenye ule udongo mweusi wa uwanda wa Kano, msingi wa futi mbili, kwa kuwa fundi alisema "hapa wote hujenga hivyo". Januari ukuta ukapasuka kando ya dirisha, mwanangu akachomeka sarafu ya shilingi kumi kwenye ufa. Mei, mvua zimenyesha, sarafu haikutoka hata kwa plaisi. Januari iliyofuata ikadondoka yenyewe. Nami nilishapiga plasta mara tatu! Udongo unakunywa maji na kuvimba, unakauka na kusinyaa, mimi napaka plasta.

Kwao tatizo ni joto, kwetu ni maji. Kwa hiyo kabla ya ramani, chimba shimo uone. Udongo mweusi ukiwa si wa kina, utoe wote, jaza maramu, ule udongo wa changarawe, shindilia. Ukiwa wa kina, muone mhandisi. Maji ya paa yasimwagike ukutani, na mkaratusi usiwe jirani wa msingi.

Bomba la mafuta la Alaska, la 1977, lililonyanyuliwa juu ya nguzo zaidi ya nusu ya urefu wake... mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali. Bei ya simiti msiniulize.