Anza na Mikono: Kusoma Sanamu za Kale za Miungu ya Kihindu

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Mtu akiingia makumbusho yenye sanamu za India anaenda moja kwa moja kuangalia sura, na sura haikwambii kitu! Wachongaji wa kale wamewapa miungu wengi sura ile ile, kijana, mtulivu, awe anabariki awe anaua. Huyu Durga mnayemwona hapa, mungu wa kike, ni wa Mahabalipuram, kusini mwa India, mchongo wa karne ya 7, yuko juu ya simba anapigana na jitu lenye kichwa cha nyati na usoni wala hajakunja ndita. Kwa hiyo anza na mikono.

Mchukue mungu Vishnu. Mikono 4, vitu 4: kome la baharini lile la kupuliza, kisahani chenye makali, rungu na ua la yungiyungi. Sasa utamu uko hapa, vitu 4 ukivipanga kwenye mikono 4 unapata mipangilio 24, na kila mpangilio una jina lake, Keshava, Narayana, Madhava, hivyo hivyo mpaka 24, ni kama pleti namba ya gari, herufi zile zile ukizihamisha tu hilo ni gari jingine. Na vitabu vyao vya kale havikubaliani kila mahali nani ashike nini mkono upi, basi wataalamu nao wanabishana weee.

Mungu Ganesha nampita, kichwa cha tembo, pembe moja imevunjika, panya miguuni, huyo hata mtoto hampotei.

Nataka tukae kwa huyu, mungu Shiva anayecheza ngoma, akiwa hivi anaitwa Nataraja. Hizi za shaba zilizotia fora ni za enzi za wafalme wa Chola, jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, kuanzia kama miaka 1,000 na zaidi iliyopita. Mkono wa kulia wa juu una kingoma, huo mdundo ndo unaumba dunia. Kushoto juu moto, ndo unaiteketeza. Kulia chini kiganja kimefunguka, usiogope. Kushoto chini unaelekeza mguu ulioinuliwa, maana hapo ndo pa kukimbilia. Mguu wa pili umekanyaga kijitu, Apasmara, huyo ni ujinga, na angalieni vizuri, amekanyagwa tu, hajauawa. Halafu masikio! Hereni moja ya kiume nyingine ya kike, kwa sababu Shiva ana upande wa kike ndani yake.

Hapo chini kwenye kitako mnaona matundu? Ni ya kupitishia miti, watu wanambeba begani siku ya sikukuu anazunguka mitaani, na akitoka anakuwa amevishwa hariri na maua mpaka mwili karibu wote hauonekani. Huu uchi tunaousifia makumbusho, muumini wa kule haujui kabisa, mi naona tunasifia kitu nusu.

Na zinatengenezwaje? Unafinyanga sanamu nzima kwa nta, unaipaka udongo, unachoma, nta inayeyuka inatoka, unamwaga shaba, kisha unavunja udongo. Umevunja basi, huwezi kutoa ya pili. Mji wa Swamimalai, huko huko Tamil Nadu, mpaka leo wanafanya hivyo hivyo. Kwa hiyo hakuna mbili zinazofanana sawasawa, na hilo liliwaponza wezi: Nataraja wa kijiji cha Sripuranthan aliibiwa hekaluni, akauzwa 2008 kwa makumbusho ya sanaa ya taifa ya Australia kwa kama dola milioni 5, kumbe Taasisi ya Kifaransa ya Pondicherry, ya utafiti, huko huko kusini mwa India, ilikuwa na picha zake za zamani, alizopigwa akiwa bado kule kule kijijini. Watu wakalinganisha picha na picha. 2014 waziri mkuu wa Australia akamrudisha India mwenyewe.

Haya, maswali. Dada pale mbele, anza wewe.